Mate ya Seikichi

Itoman, 11 Juni 2017

Mdogo wangu Seikichi,

U mzima huko Osaka? Na wifi yangu Kazue, kifua chake kimetulia? Mimi nipo. Goti la kushoto limegoma kabisa, siku hizi linanitangazia mvua kabla ya redio. Karela zimezaa mwaka huu mpaka nazigawa kwa nguvu; majirani wakiniona na kikapu wanafunga milango.

Sasa kaa chini usome taratibu. Wale wanaojitolea kutoa mifupa ya vita mapangoni wamempata mtu. Ni lile pango nyuma ya shamba letu la zamani la miwa, ambalo mlango wake ulizibwa na bomu. Mifupa ya mwanamume mmoja, na chini ya mbavu zake muhuri wa jina. Umeandikwa Kuniyoshi. Nilipouona umewekwa juu ya kitambaa cheupe niliketi chini mbele za watu kama mtoto.

Lakini muhuri peke yake hautoshi. Wakubwa wanasema akina Kuniyoshi walikuwa wengi, na siku zile watu waliokota vitu vya maiti ovyo. Wanataka vinasaba. Nikasema haya, chukueni mate yangu, mimi ni binti yake. Wakaniambia mifupa imeoza mno, kilichobaki kusomeka ni ule uzi mmoja tu unaotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na kwa mwanawe, na kwa mwanawe. Kwa binti hauingii. Ebo! Miaka themanini nimeishi, leo naambiwa hata mate yangu hayafai.

Kwa hiyo ni wewe. Watakuletea kijiti cha pamba, usugue ndani ya shavu, basi. Unajua mtungi wa mifupa wa baba mle kaburini mwa ukoo una kokoto tu, zile mama alizoziokota kwa kuwa mwili haukuonekana. Mama amelala kando ya kokoto tangu afariki. Nataka kabla sijafa nimwone baba mwenyewe akiingizwa mle. Sitaki kitu kingine duniani.

Usichelewe, nakujua kwa uvivu.

Dada yako,
Hatsu


Osaka, 2 Julai 2017

Dada yangu Hatsu,

Shikamoo. Pole na goti. Kazue anakohoa kidogo ila ulimi ni mzima, asubuhi hii amenigombeza kwa sababu ya soksi zisizolingana. Anakusalimu sana na anaomba karela, wewe tuma tu, huku hatufungi mlango.

Barua yako imenitoa machozi, sifichi. Kijiti kimefika. Nilisugua shavu mpaka Kazue akasema, "Basi mzee, wanataka mate, si nyama!" Nimekwisha kukirudisha.

Dada, wewe angalau ulimwona baba. Unaijua harufu ya tumbaku yake. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni. Maisha yangu yote watu wakisema Seitoku alikuwa hivi, Seitoku alikuwa vile, mimi natazama vidole vyangu na kujiuliza kama ni vyake. Sikuwahi kumpa baba hata kikombe cha maji. Sasa nimepata cha kumpa.

Kaburi likifunguliwa nitakuja, na nitamwona Seiichi wangu. Tangu mwanangu alipoanguka kwenye lile jengo sijapitisha siku bila kumfikiria pale alipo, karibu na mlango, palipo pa wanaowatangulia wazazi wao. Ananingoja mimi niingie ndipo naye asogezwe ndani na wenziwe. Mwambie babu yake anakuja, na mimi niko nyuma.

Na tafadhali usinianzishie tena habari za Kenji. Najua mwanao ndiye anayefuta vumbi vibao vya majina ya mababu wakati mimi niko mbali. Ni kijana mzuri, sina neno naye. Lakini yeye ni damu ya marehemu mumeo, si ya Kuniyoshi, hatuwezi kumfanya mrithi wa nyumba. Damu ngeni ikiingia kaburini inaleta maradhi kwa wote. Sikuitunga mimi sheria hiyo. Mimi nikifa vibao vitakwenda kwa Seikō, mtoto wa baba mdogo. Hata jina lake linaanza kama yetu sote wanaume wa ukoo. Yaishe.

Mdogo wako,
Seikichi


Osaka, 20 Februari 2018

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini baridi haijakuumiza. Sisi hatujambo kimwili.

Majibu yamekuja. Wanasema si yeye. Wanasema yule mtu na mimi hatuna baba mmoja hata turudi nyuma karne ngapi.

Nilikaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa. Halafu nikakasirika. Muhuri wa Kuniyoshi, pango nyuma ya shamba letu wenyewe, mwanamume wa umri wa baba, na bado si baba? Wamechanganya vijiti hao, wamechukua mate ya mtu mwingine wakayaandika jina langu! Anayeniambia huyu si baba yangu aniambie mara mbili.

Nenda kwa Seikō. Baba yake na baba yetu ni ndugu wa baba mmoja, uzi ni uleule. Atoe mate yake wapime upya. Akianza kuvuta miguu mwambie nimesema mimi, na kwamba mkubwa wa nyumba bado ni mimi hata nikiwa mbali. Sikubali baba akae kwenye ghala la wasiojulikana kwa kosa la mtu mmoja na glavu zake.

Mdogo wako,
Seikichi


Itoman, 6 Machi 2018

Mdogo wangu,

Marahaba. Umenitisha, ulivyoandika kwa hasira kalamu imetoboa karatasi.

Mimi kwa upande wangu nilikwisha kulia nikanyamaza. Nilisema labda kweli ni mtu mwingine aliyeokota muhuri wa baba, naye ana watu wake wanaomlilia mahali. Ningeliacha. Lakini umesema, na mwanamume wa nyumba ni wewe.

Basi nimekwenda kwa Seikō na bakuli la mchuzi wa kwato za nguruwe, maana huyo bila kumlisha hasikii. Alikula kwanza, akafuta mdomo, ndipo akasema, "Ukoo huu umeshanidai kila kitu, sasa mpaka mate?" Nikamwambia, "Sugua shavu hilo, mzee, kabla sijakusugulia mwenyewe." Mke wake alicheka kwa upande wa uso uliobaki mzima, maskini. Kasugua. Tusubiri.

Dada yako,
Hatsu


Itoman, 9 Septemba 2018

Mdogo wangu, mdogo wangu kabisa,

Hujambo? Nijibu kwanza hilo kabla ya mengine yote.

Ni baba. Mate ya Seikō na mifupa ile vimelingana, hawana shaka hata kidogo. Nilipiga kelele mpaka Kenji akaja mbio akidhani nimeanguka. Nikacheza, na goti hili hili. Kenji hakucheza. Aliisoma karatasi, akairudia, akasema polepole, "Mama, na mjomba je?" Hapo ndipo nilipojua nimeshangilia nini.

Nakala wamekutumia na wewe, najua. Ninachokijua ni kidogo, na naapa mbele ya mama kwamba sikufichi. Meli zilipoanza kupiga mizinga, bibi alinishika mkono tukakimbilia kaskazini. Mama alibaki na mtoto mchanga, Seikichi. Tulikuja kuonana kambini, vita imekwisha. Mama alikuwa na mtoto mgongoni, mifupa mitupu, kichwa kikubwa, macho tu. Nikasema, "Jamani, Seikichi amekuwa mbaya!" Mama akanizaba kofi. Hakuwahi kunipiga kabla wala baada. Lakini mtoto wa miaka minane atajua nini? Kambini pale kila mtu alikuwa na sura ngeni, hata mimi.

Na vile vikombe. Unakumbuka kila asubuhi mama aliwawekea marehemu chai, vikombe viwili, kimoja cha baba? Cha pili kilikuwa kidogo. Tukimwuliza ni cha nani anasema ni cha wasio na mtu. Nimekaa jana nzima nikikitazama kikombe kile. Mama alimpoteza wake, Seikichi. Mahali fulani katika moto ule alimpoteza, akakuta wewe unalia kando ya watu wako waliokufa, akakubeba, akakupa jina lililokuwa limebaki wazi.

Haya, nimesema. Sasa nisikilize. Aliyekubeba kwenda kuchota maji ni mimi. Aliyekutafunia viazi vitamu kabla hujaota meno ya nyuma ni mimi. Ulinikojolea mgongo mzima, mdogo wangu, nani ataniambia wewe si wangu? Andika upesi.

Dada yako,
Hatsu


Itoman, 1 Novemba 2018

Mdogo wangu Seikichi,

Hamjambo? Kila nikipiga simu Kazue ananiambia uko bafuni. Mtu gani anaoga mara nyingi hivyo? Utachubuka.

Seikō alikuja mwenyewe, kavaa koti. Kasema nikuambie yeye hana neno, hili ni la watu wanne, yeye, mimi, Kenji na wewe, nalo litaishia kwa watu wanne, na kwamba wewe ni mkubwa wa nyumba kama jana na juzi. Alikuwa na machozi, mzee yule mbishi. Baba ataingizwa kaburini mwezi wa nne, tutakapokusanyika pale kaburini, kama kila mwaka, kuwapelekea wazee waliolala chakula. Mbebaji wa mtungi ni mwana. Ni wewe. Njoo.

Dada yako,
Hatsu


Osaka, 4 Januari 2019

Dada Hatsu,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kukuita dada, ila sina neno jingine.

Simu nilikuwa nazisikia. Nilikuwa nimekaa hapo hapo.

Jina langu ni la maiti. Siku yangu ya kuzaliwa ni yake. Mtoto yule ameoza porini bila hata kokoto, na mimi nimekula sherehe zake zote, nimeoa kwa jina lake, nimekalia kiti chake nikawa natoa amri. Mkubwa wa nyumba! Nacheka peke yangu mpaka Kazue anaogopa.

Mwambie Seikō ahsante, ni mtu mwema. Lakini yeye akinyamaza, mimi nitajinyamazisha vipi? Nilimfungia mlango Kenji, ambaye mama yake ni Kuniyoshi wa kweli. Mimi sina hata tone. Na nimemweka mwanangu mle ndani! Mke wa Seikō akapooza. Mjukuu wao akazaliwa haoni. Mkaenda kwa mganga, mganga akasema kuna damu ngeni kaburini, na mimi nikiwa huku nikapiga simu kwa ukali kuuliza ni nani aliyeiingiza. Ni mimi, dada. Nilimwingiza kwa mikono yangu, nikafunga mlango.

Nakuomba. Mkifungua kumwingiza baba yako, mtoe Seiichi. Nitumie kwa posta, wanapokea mitungi ya mifupa, nimeuliza. Mimi siji. Siwezi kumbeba mzee yule nikiwa nimevaa jina la mwanawe.

Na nimeomba mate yangu yalinganishwe na mifupa yote ya vita isiyo na wenyewe. Umri huu, nywele zimekwisha, natafuta baba.

Ni mimi,
Seikichi


Itoman, 19 Januari 2019

Seikichi,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, bado ni upuuzi.

Simtoi. Umesikia? Mke wa Seikō kapooza kwa presha, alikuwa anamwagia chumvi hata juu ya kachumbari ya chumvi, daktari kamwonya mpaka kachoka. Mjukuu wao alizaliwa kabla ya wakati. Seiichi wetu kafanya nini? Kijana aliyekuwa anakuja hapa likizo anapanda juu ya paa kunizibia vigae! Huyo ndiye anayepofusha watoto wa watu? Mshenzi wewe.

Nitakuambia ukweli wangu wote. Nikimtoa mle, wewe hutarudi tena hapa. Nakujua. Maadamu yuko pale mlangoni, utakuja, kama si kwa ajili yangu basi kwa ajili yake. Ndiyo, nimemfanya rehani. Ukimtaka njoo umchukue mwenyewe, na uniambie usoni kwamba mimi si dada yako.

Dada yako,
Hatsu


Itoman, 14 Aprili 2019

Mdogo wangu,

Habari za huko? Hapa jua lilikuwa zuri, aibu tupu.

Tumemwingiza baba. Kenji alibeba mtungi, Seikō ndiye aliyemwambia abebe. Zile kokoto nilizimwaga kwa mkono wangu. Sasa yuko kando ya mama. Nilidhani nitafurahi. Nilikaa pale kwenye mkeka, watu wanakula nyama ya tumbo na tofu ya kukaanga, watoto wanakimbizana juu ya mgongo wa kaburi, na mimi moyoni namlaani aliyeligundua pango lile.

Boksi lako la chakula nililiweka kando yangu. Nilikufungia mwani mafundo kama unavyopenda. Kila gari lililosimama barabarani niligeuka. Kenji alisema, "Mama, kile chakula kitaharibika," nikamfukuza. Kiliharibika.

Seiichi nimemfuta vumbi. Yuko palepale. Njoo.

Dada yako,
Hatsu


Osaka, 30 Agosti 2019

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, naandika nikiwa kitandani.

Majibu yamekuja. Hakuna. Katika mifupa yote waliyoweza kuisoma hakuna hata mtu mmoja aliye wangu. Labda alizama baharini. Labda aliungua akaisha. Labda hakuwa hata mtu wa kisiwani. Nilikuwa nimejiandaa kupata baba yeyote, hata mwizi, ningempokea.

Daktari amekuta kitu kwenye ini na ameacha kunitazama machoni. Kupanda ndege wamenikataza. Kwa hiyo lile la kuja kukutazama usoni haliwezekani tena, siyo ukaidi.

Sikasiriki na mtu. Kazue ananiambia nile, nakula. Ila nakuomba mara ya mwisho. Kuna kitu kimoja tu ulimwenguni chenye uzi uleule nilio nao mimi, na umekifungia humo. Sina baba, sina ukoo, hata jina si langu. Yule ni wangu. Nipe mwanangu, dada.

Seikichi


Itoman, 8 Desemba 2019

Mdogo wangu Seikichi,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia.

Barua yako ya Agosti niliipata. Sikuijibu. Nilisema moyoni, huyu ananitisha na ini lake, madaktari wanasema mengi, atapata nafuu, atapanda ndege, nitamwona mlangoni na kofia yake. Nilitandika hata kitanda. Septemba ikapita, nikasema ataanza na simu. Mzee mzima mimi, nilikuwa nanunia mtu anayekufa.

Kazue alinipigia. Hakulia, alikuwa amekwisha kulia. Aliniambia wiki zile za mwisho ulikuwa hutaki kulala chumbani, ulitaka kuwekwa karibu na mlango wa nje, na kila aliyebisha hodi ulidhani ni posta. Nilimwomba arudie. Sijui kwa nini nilimwomba arudie.

Nilitaka uletwe huku. Akasema ulikataa, uliandika na kuweka sahihi. Uko hekaluni pamoja na watu wasiofahamiana, mitungi yenu imepangwa pamoja. Akasema kando yako kuna nafasi.

Nikaenda kwa Seikō. Akasema kaburi halifunguliwi ovyo, tungoje siku inayofaa. Nikamwambia ninyi wanaume na siku zenu, nipe funguo za stoo, nitalifungua kwa shoka. Aliniangalia, akaja mwenyewe na watoto wake, wakasukuma jiwe. Seiichi hakuwa mzito. Nilimkumbatia njia nzima ndani ya gari, Kenji anaendesha.

Nimemfunga kwa taulo tatu na lile koti lako la zamani uliloliacha hapa. Barua hii naiweka juu ya mtungi. Wifi akifungua boksi akusomee kwa sauti, kisha aniteketezee barua, sitaki irudi.

Ningelimtuma Agosti ungelimpokea kwa mikono yako. Nimelisema hili kwa sauti jikoni, nimelisema shambani, nimemwambia hata mwenye duka. Haliishi.

Baba nilimjua miaka saba. Wewe nilikuwa nawe maisha yangu yote, na ni yeye niliyekwenda kumtafuta.

Dada yako,
Hatsu